Sehemu ya 6: Siku niliyosema "sijafahamu"

Tangu posti ya wiki iliyopita inboksi imejaa swali moja: binti kapata chuo Unguja, baba anasitasita, mama ana khofu, binti mwenyewe analia. Tumfanyeje? Mimi sina fatwa. Nitawahadithia yaliyonikuta.

Nilipata nafasi ya diploma ya uuguzi mwaka 2012. Mnajua Pemba ilikuwaje wakati ule. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama Nungwi ikija huku kwetu, watu zaidi ya 200 wakafariki. Hata mwaka haujatimia, Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar. Halafu mimi ndiyo nafunga begi. Mama hakunikataza. Alinitilia unga wa muhogo na papa mkavu kwenye kapu, akanisindikiza mpaka kituo cha gari za Chake, akasema, "Ukifika nipigie, hata ikiwa saa nane za usiku."

Basi nikadhani bahari ndiyo mtihani wenyewe. Nikavuka, nikatapika, nikafika.

Mtihani ulikuwa darasani. Skuli kwetu Wete nilikuwa wa mbele, mkono juu kila saa. Kule masomo ni kwa Kiingereza, wenzangu wamekaa kama wamezaliwa nacho, na siku ya kwanza nilipojitambulisha mmoja akaiga lafudhi yangu ya Kipemba, watu wakacheka. Toka siku ile nikawa mtu wa "yes madam". Nimefahamu? Yes madam. Sikufahamu? Yes madam vilevile.

Tulifundishwa kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa mwanasesere na ule mfuko wa kubinya wenye barakoa, tunauita ambu. Madam akauliza nani bado. Mimi nilikuwa nimeushika mara moja tu, harakaharaka, lakini nikanyamaza.

Baadaye tukapelekwa mazoezini wodi ya wazazi. Usiku mmoja mtoto akatoka kimya. Mkunga akamkausha, akamsugua mgongo, kimya. Akanipa ambu, yeye amshughulikie mama aliyekuwa akitoka damu. Nikaweka barakoa, nikabinya, kifua hakiinuki. Nabinya tena, upepo unatokea pembeni. Kumbe barakoa nimeipandisha mpaka machoni. Yule mkunga akanipokonya, akaweka sawa kichwa na barakoa, akabinya. Kifua kikainuka. Mara ya tatu ya nne mtoto akalia.

Hakunigombeza. Wallahi bora angenigombeza.

Sikulala dakhalia siku ile. Asubuhi, mguu unatetemeka ndani ya viatu, nikanyoosha mkono nikasema kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilinikimbia: "Madam, sijafahamu ambu. Nilikwambia nimefahamu, nilikudanganya." Kicheko kilikuwepo, tena kikubwa. Hakuna mwengine aliyenyoosha mkono.

Jioni madam akabaki na mimi mpaka adhana ya magharibi. Barakoa ifunike mdomo na pua, iishie kwenye ncha ya kidevu, isiguse macho. Kichwa kiinuke kidogo tu, kama mtoto ananusa kitu. Ukikikunja sana nyuma, njia ya hewa inaziba. Binya huku unatazama kifua, maana kifua ndicho kitakachokwambia kama hewa inaingia. Mara 40 hadi 60 kwa dakika, na uanze kabla dakika ya kwanza ya maisha yake haijesha. Nilirudia mpaka vidole vikafa ganzi. Usiku wenzangu watatu wakaja chumbani kwangu mmoja mmoja, kila mmoja kwa siri yake, wanataka niwaelekeze. Yule aliyecheka sana alikuwa wa pili.

Naandika haya kwa sababu nakuoneni kliniki. Nikiuliza "umefahamu?" mnajibu ndiyo, na ile ndiyo naijua, niliishi nayo. Kuna mama nilimpa vidonge vya madini ya chuma, akaitikia kila neno. Mimba imefika miezi minane, damu iko chini, ndipo ananong'ona kwamba alimeza siku mbili, choo kikawa cheusi, akaogopa, akavifungia kabatini. Choo kuwa cheusi kwa vidonge vile ni kawaida. Kosa ni langu pia, sikumwambia mapema, nilitosheka na ndiyo yake. Siku hizi namwambia mama anieleze yeye atavimezaje, nyumbani kwake, na chakula gani. (Na chai msimezee jamani, chai inazuia ile chuma isiingie mwilini.)

Nirudi kwa binti. Mwacheni avuke.

Usiku ule baada ya mazoezi na madam, mama alipiga simu. Akauliza kama kila siku, "Umekula?" Miezi yote ile nilikuwa namjibu nimekula, nimeshiba, mambo mazuri. Siku ile nikamwambia sijala mama, na masomo yananishinda. Akanyamaza kidogo, nikasikia anavuta kigoda. Akasema, "Haya, nambie. Kipi kinakushinda?"

Sehemu ya 7 Ijumaa Inshaallah: zamu yangu ya kwanza ya usiku niliporudi Wete.