Saraka ya Mafundi wa Jenereta

Kabla haijawa tovuti, ilikuwa kauntabuku. Ilikaa chini ya kaunta ya duka la mjomba wangu pale Gerezani, jijini Dar, tulikouza spea za jenereta: kabureta, plagi, ringi za pistoni, kamba za kuwashia, na kile kidude cha kudhibiti volteji ambacho fundi yeyote mjini anakiita AVR. Mteja akishalipa, swali lake la pili lilikuwa moja siku zote: fundi wa kunifungia yuko wapi? Mjomba akachoka kujibu. Akanikabidhi kitabu kile niwe naandika jina la fundi, namba ya simu, kijiwe chake na anachokiweza. Fundi niliyempelekea mteja alinitoa cha juu, mara nyingi hela ya chai, na siku jenereta ikiwa kubwa, hela ya chai na nauli.

Kitabu kilianza kunenepa mwaka 2006. Mvua zilikuwa zimegoma, kina cha bwawa la Mtera kikashuka, nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Saluni, wauza samaki wenye majokofu, vinyozi, mafundi cherehani wa umeme, wote wakanunua vile vijenereta vidogo vya Kichina vya wati 950, vinavyokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Vinapiga kelele kuliko kazi vinayofanya na haviishi kuharibika. Kwa duka la spea ilikuwa neema, Mungu atusamehe.

Wazo la kukihamishia kitabu kwenye intaneti lilikuja baada ya mkongo wa intaneti wa SEACOM kufika pwani yetu Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ilikuwa kitu cha kwenda kukaa kafe na kulipia kwa saa. Baadaye ikaingia mifukoni mwa watu kwa bando. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyesomea kompyuta akanifungulia tovuti, akanionyesha namna ya kuweka kurasa, akaondoka na simu yangu ya zamani kama malipo. Nikaanza kunakili kauntabuku usiku, duka likishafungwa.

Wakati huo tovuti za kuorodhesha biashara hazikuwa ngeni. Yahoo yenyewe ilianza mwaka 1994 kama orodha ya tovuti iliyopangwa kwa mikono na wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo. Dar pia zilikuwepo, na zilitaka kubeba nchi nzima: hoteli, mawakili, maduka ya maua, kampuni za usafirishaji. Ukifungua ukurasa wa mafundi unakuta majina matatu, mawili hayapokei simu. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu, ila nilikijua mpaka uvunguni. Kila eneo nikalipa ukurasa wake: fundi jenereta Mbagala, fundi jenereta Tegeta, fundi jenereta Gongo la Mboto. Ndani ya ukurasa nikatenganisha anayeshika petroli na anayeshika dizeli, anayesuka mota na anayeishia kubadilisha plagi, anayekubali kutoka usiku na anayezima simu saa kumi na mbili. Sikuijua sayansi ya injini za utafutaji. Nilijua watu wanavyouliza, kwa kuwa nilikuwa nimewasikia kaunta miaka mitano, na maneno yaleyale ndiyo waliyoyaandika kwenye Google.

Mwaka 2011 ukaleta mgao uliotisha kuliko wa 2006. Mitaa mingine ilikaa gizani saa kumi na mbili na zaidi kwa siku. Julai bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ikakwama bungeni. Kariakoo ikanuka moshi wa petroli tangu asubuhi. Na wageni wa tovuti yangu wakawa wengi kiasi kwamba kijana wangu akanipigia kuuliza kama nimenunua matangazo mahali.

Sikuwa nimenunua. Nilikuwa nimeweka matangazo ya AdSense, ule mpango wa Google wa tangu 2003 uliokuwa ukimlipa mwenye tovuti mtu anapobofya tangazo. Salio likifika dola 10, Google hutuma barua yenye namba ya siri kuthibitisha anwani. Likifika 100, unalipwa. Barua hiyo ilinisumbua kuliko tovuti. Kwetu posta haigongi mlango wa mtu, na sanduku nililotumia lilikuwa la shule aliyofundisha shangazi, lenye ufunguo mmoja uliokaa kwa mhasibu. Ilipopatikana ilikuwa imeshafunguliwa na mtu aliyedhani ni ada. Baadaye zikaja hundi za dola, na kila moja ilikaa benki wiki kadhaa kabla ya kugeuka shilingi.

Lakini ziligeuka. Katika miezi ya giza fedha ile ilitosha kulipa kodi ya chumba na sebule, na kwa kuwa wenye nyumba wa Dar hutaka ya miezi sita kwa mkupuo, si jambo dogo. Mjomba alishindwa kabisa kuelewa. “Sasa nani anakulipa, baba? Fundi?” Si fundi. “Mteja?” Wala. “Basi hiyo hela ina mwenyewe, siku moja atakuja kuichukua.”

Siku hizi kuna semina katika kumbi za hoteli ambako watu hulipa kiingilio wafundishwe kipato kinachoingia mtu akiwa amelala. Huwa nawatazama walimu wake kwa mshangao. Mimi hela hiyo niliipata kweli, wala sitaikana. Ila iliingia nikiwa nimelala kwa sababu kwanza nilikuwa nimesimama kaunta miaka mitano, na sijaona semina inayouza hiyo miaka mitano.

Mwenyewe akaja kuichukua, kwa zamu. Oktoba 2015 bomba la gesi la kilomita 542 kutoka Mtwara hadi Dar likazinduliwa, umeme ukatulia kiasi, na swali la fundi jenereta likapungua kuulizwa. Simu janja zikashuka bei. Mafundi wenyewe wakajiweka kwenye ramani ya Google na picha zao wamevaa ovaroli, na mtu akitafuta aliwaona hapo juu kabla ya kunifikia mimi. Makundi ya WhatsApp ya mitaa yakachukua waliobaki: mama anaandika “jamani fundi jenereta”, dakika haijaisha ameshapewa namba nne. Kwa wakubwa mambo yalikuwa hayohayo. Orodha ya Yahoo ilikuwa imefungwa mwishoni mwa 2014, na DMOZ, ile saraka kubwa iliyoendeshwa na wahariri wa kujitolea, ikafungwa Machi 2017. Mwaka uliofuata zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, ambazo ada zake za mwanzo za leseni kwa jumla zilizidi shilingi milioni mbili. Nikaondoa makala zote za ushauri nilizokuwa nimeandika, nikabakiza majina na namba peke yake. Matangazo yakawa yanaingiza hela ya bando.

Ningeifunga. Nilichelewa kuifunga kwa uvivu tu, maana kulipia seva kwa mwaka hakukuuma.

Kilichogeuza mambo ni alama za vidole. Januari 20, 2020 ndiyo ilikuwa mwisho wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Nikamwomba binamu yangu, aliyekuwa anasubiri majibu ya chuo, apige namba moja baada ya nyingine nione zilizobaki. Nilitegemea kazi ya siku mbili. Akaja na daftari lililojaa habari. Huyu namba imekufa. Huyu amehamia Kibaha. Huyu ni marehemu, aliyepokea ni mjane, akasema mtoto anaendeleza kazi ya baba. Huyu ameacha jenereta, anafunga viyoyozi. Mmoja alijibu, “Dada, namba ni ileile, ila sasa anayo shemeji, na yeye anauza maandazi.” Kumbe kwa muda mrefu ukurasa wangu wa Temeke ulikuwa unawapeleka watu kwa muuza maandazi.

Daftari lile ndilo lililokuwa bidhaa. Ramani ya Google ilikuwa na majina mengi kuliko yangu, na kundi la WhatsApp lilijibu upesi kuliko mimi, lakini hakuna mahali pengine ambapo mtu alikuwa amepiga simu hizo zote na kuandika alichojibiwa. Nikabadilisha utaratibu. Fundi anayetaka kubaki analipa 20,000 kwa mwaka kwa M-Pesa, anapigiwa kila baada ya miezi mitatu, na ukurasa unaonyesha mwezi aliopokea simu mara ya mwisho. Wengi walinuna. Walikuwa wamezoea kukaa bure, wengine hawakujua kama wamo. Walioridhia walikuwa wachache, na karibu wote walikuwa mafundi wa dizeli, wenye mashine za Perkins na Cummins, ambao mteja mmoja anawarudishia ada hiyo mara nyingi. Binamu alipata chuo, lakini kazi hakuiacha. Analipwa kwa namba iliyothibitishwa.

Ukame ukarudi, mgao nao ukarudi mwishoni mwa 2021, mwaka uliofuata, na tena Septemba 2023. Wageni wakapanda, mimi nikawa sitetemeki tena kwa kupanda kwao. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kuzalisha, katika mradi wa megawati 2,115. Machi umeme ukazidi mahitaji hata baadhi ya vituo vya umeme wa maji vikazimwa kwa muda. Mafundi wangu wakaanza kuulizia kama naweza kuwahamishia kwenye sola. Aprili gridi ya taifa ikapata hitilafu, nchi ikawa giza, na walioulizia wakaacha kuulizia kwa wiki moja.

Ukurasa wa sola na betri za lithiamu nimeufungua, na unakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, ingawa binamu analalamika kwamba kila kijana aliyewahi kupanda bati anajiita fundi sola. Anawataka watume picha ya kazi na namba ya mwenye nyumba kabla hajawaingiza. Vile vijenereta vidogo vimekwisha. Duka la mjomba, analoliendesha mwanawe, halina tena kabureta zake. Wanaolipa zaidi sasa hawamo hata kwenye matangazo: wasimamizi wa maghorofa yenye lifti, zahanati zenye friji za chanjo, hoteli. Hawa huniomba orodha fupi ya mafundi wa dizeli wanaopokea simu usiku wa manane, na hulipia kwa mwaka. Orodha ya Kariakoo na Upanga ina majina saba. Kila tarehe mosi, baada ya saa sita usiku, binamu huwapigia wote saba.