Motokaa Iliyochekwa Katika Maonyesho ya Paris

Katikati ya mji wa Paris, karibu na mto Seine, pana jumba kubwa la chuma na kioo liitwalo Grand Palais. Lilijengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Ulimwengu ya mwaka 1900, na kuba lake limeinuka kiasi cha mita 45 kutoka sakafuni, hata mtu asimamaye chini yake hujiona mdogo kama sisimizi aliyeingia katika chemni ya taa. Tangu mwaka 1901 hata mwaka 1961, ukiondoa miaka ya vita na mingine michache, jumba hilo ndilo lililokuwa makao ya Maonyesho ya Motokaa ya Paris.

Maonyesho yenyewe yalianza mwaka 1898 katika bustani ya Tuileries. Siku zile motokaa zilikuwa kitu kigeni, na watu wengi walidhani kwamba ni mchezo wa matajiri usio na maana. Kwa hiyo wenye maonyesho waliweka sharti moja: kila motokaa itakayoonyeshwa lazima kwanza iende Versailles na kurudi Paris kwa nguvu zake yenyewe. Hawakutaka kuwaonyesha watu masanduku mazuri yasiyoweza kutembea. Sharti hilo lilikuwa la busara, na yafaa likumbukwe katika habari inayofuata.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1948 milango ya Grand Palais ilifunguliwa na watu wakaingia kwa wingi. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu iliyopita, lakini Ufaransa ilikuwa bado haijapona. Petroli iligawanywa kwa vibali, mkate nao kwa kadi, na chuma kilikuwa haba hata viwanda vikapangiwa na Serikali namna ya kukitumia. Wengi walioingia humo hawakuwa na fedha za kununua motokaa, na aliyekuwa nazo hakujua angeipata lini. Walikwenda kutazama tu, kama mwenye njaa apitaye mbele ya duka la mikate. Walitaka kuona kwamba siku njema zitarudi.

Na vya kutazama havikukosekana. Kampuni ya Panhard, ambayo ni miongoni mwa zile za kwanza kabisa kuunda motokaa duniani, ilileta motokaa moja iliyowashangaza wote. Jina lake lilikuwa Dynavia. Haikuundwa ili iuzwe, bali ilikuwa motokaa ya mfano, yaani ile ambayo mafundi huiunda ili kujaribu mawazo yao na kuwaonyesha watu mambo yatakayokuja. Umbo lake lilikuwa kama tone la maji lianguakalo: pana na la mviringo mbele, likipungua taratibu hata kuchongoka nyuma. Fundi Louis Bionier alikuwa ameona kwamba sehemu kubwa ya nguvu za injini hupotea katika kusukumana na upepo. Basi akatengeneza umbo ambalo upepo hulipitia bila kupata mahali pa kushika. Injini yake ilikuwa ndogo, ya silinda mbili tu, lakini kwa ajili ya umbo lile motokaa iliweza kukimbia kilomita 130 kwa saa. Waliosimama mbele yake walinong'onezana kama watu walio mbele ya chombo kilichoshuka kutoka mbinguni.

Katika jumba hilo hilo palikuwa na umati mwingine, nao haukuwa ukinong'ona bali ulikuwa ukicheka. Hapo kampuni ya Citroën ilikuwa imefunua motokaa yake mpya mbele ya Rais wa Ufaransa, Vincent Auriol. Rangi yake ilikuwa ya kijivu, wala haikuwako rangi nyingine ya kuchagua. Ubavu wake ulikuwa wa mabati membamba, paa lake lilikuwa turubai la kukunjwa kama mkeka, na viti vyake vilikuwa vitambaa vilivyotandazwa juu ya mabomba na mipira. Taa zake zilisimama juu ya boneti kama macho ya chura. Tena boneti yenyewe ilikuwa imefungwa na hakuna aliyeruhusiwa kutazama ndani, hata wengine wakasema kwamba labda haina injini. Inasimuliwa kwamba mwandishi mmoja wa magazeti aliuliza kama inauzwa pamoja na chombo cha kufungulia makopo. Jina lake lilikuwa 2CV, na Wafaransa waliliita "farasi wawili", jina lililotokana na hesabu ya kodi ya motokaa. Waandishi wengi walirudi maofisini mwao wakaandika mzaha.

Waliocheka hawakujua kazi gani ilikuwa imetangulia. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Citroën ilifilisika, ikaangukia mikononi mwa Michelin, watengenezaji wa matairi. Mkuu aliyewekwa humo, Pierre-Jules Boulanger, aliona kwamba mamilioni ya Wafaransa wa mashambani walikuwa bado wanakwenda sokoni kwa miguu au kwa gari la farasi. Motokaa zote zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya watu wa mjini. Basi akawaagiza mafundi wake waunde motokaa ya kuwachukua wakulima wawili waliovaa viatu vya mti, pamoja na kilo 50 za viazi, iende kilomita 60 kwa saa, na isinywe zaidi ya lita tatu za petroli kwa kilomita 100. Kisha akaongeza sharti ambalo limesimuliwa mara nyingi kuliko yote: motokaa hiyo iweze kukatiza shamba lililolimwa ikiwa imechukua kikapu cha mayai, na lisivunjike hata yai moja.

Alisema pia kwamba sura yake si kitu. Lakini kwa mambo mengine alikuwa mkali. Alikuwa mtu mrefu, naye alizoea kuingia ndani ya motokaa za majaribio akiwa amevaa kofia yake. Kofia ikigusa paa, kazi ilirudiwa.

Motokaa hiyo ilitazamiwa kuonyeshwa Oktoba mwaka 1939. Lakini mwezi wa Septemba vita vikaanza, na maonyesho hayakufanyika. Kiasi cha motokaa 250 zilikuwa tayari au karibu kuwa tayari. Wajerumani walipoiteka nchi, Boulanger hakutaka kazi yao iangukie mikononi mwa adui. Basi karibu zote zikavunjwa na chache zikafichwa. Nyingine tatu zilifichwa vizuri hata zikasahauliwa, zikaja kuonekana katikati ya miaka ya 1990 juu ya dari ya ghala katika uwanja wa majaribio wa La Ferté-Vidame. Katika miaka yote ya vita mafundi waliendelea kuitengeneza kwa siri. Ndiyo kusema kwamba kile kilichochekwa katika Grand Palais kilikuwa kimefikiriwa kwa zaidi ya miaka kumi.

Kila kilichoonekana kuwa umaskini kilikuwa na sababu yake. Turubai lilikuwa jepesi kuliko bati, tena mkulima aliweza kulikunja na kusimamisha mzigo mrefu. Viti viling'oka, mtu akaweza kupakia mbuzi au magunia, au kuketi juu yake shambani wakati wa kula. Injini yake ilipozwa kwa upepo, haikutumia maji, kwa hiyo hapakuwa na maji ya kuchemka wakati wa jua wala ya kuganda wakati wa baridi. Nguvu zake zilikuwa farasi tisa tu, lakini zilivuta magurudumu ya mbele, na motokaa ikaweza kujitoa katika matope ambamo nyingine zilizama. Springi zake zilikuwa laini na ndefu, na gurudumu la mbele na la nyuma yake zilisaidiana, hata lile la mbele likipanda jiwe, la nyuma lilikuwa limekwisha kujiandaa. Hapo ndipo palipokuwa na siri ya mayai.

Wakulima, wao hawakucheka. Waliitazama, wakaibonyeza springi kwa mkono, wakauliza bei yake, kisha wakaandikisha majina yao. Maombi yalikuwa mengi hata waliojiandikisha wakangoja miaka mitatu, na wengine mitano. Kwa kuwa motokaa zilikuwa chache, kampuni haikumpa yeyote aliyekuja na fedha, bali iliwatanguliza wale ambao kazi zao ziliwalazimu kusafiri vijijini: waganga, wakunga, madaktari wa mifugo, mapadre na wakulima wadogo. Kwa mkunga aliyeitwa usiku wa mvua katika kijiji cha mbali, motokaa ile ya kijivu haikuwa kichekesho. Pengine kwa ajili yake mtoto alizaliwa salama na mama yake akapona.

Boulanger mwenyewe hakuishi muda mrefu kuona matunda ya kazi yake, kwani alikufa katika ajali ya motokaa mwezi wa Novemba mwaka 1950. Lakini 2CV iliendelea kuundwa hata Julai mwaka 1990, na jumla yake ilizidi milioni tatu na nusu, bila kuhesabu zile za mizigo. Mwaka 1973 vijana wa Ulaya walizitoa Abidjan wakavuka nazo jangwa la Sahara mpaka Tunis, safari ya kilomita zipatazo 8,000, mahali ambapo motokaa nyingi za fahari zisingethubutu kutia gurudumu.

Je, Dynavia ilikuwa ujinga? La. Mambo waliyojifunza mafundi wa Panhard kutokana na umbo lile yalitumika katika motokaa zao walizouza miaka ya 1950. Kampuni yenyewe haikudumu. Mwaka 1965 ilimezwa na Citroën, na mwaka 1967 ikaacha kuunda motokaa za watu. Dynavia imewekwa katika nyumba ya makumbusho huko Mulhouse, nayo bado huwashangaza waendao kuitazama. Lakini leo kila kiwanda cha motokaa duniani huhangaikia jambo lile lile alilohangaikia Bionier, la kuupitisha upepo bila kugombana nao. Ndoto njema haipotei, hukawia tu.

Tena kuna jambo jingine la ajabu. Fundi André Lefèbvre na msanii Flaminio Bertoni, walioshiriki katika kuunda ile motokaa ya wakulima, ndio waliounda pia motokaa iliyowatia watu wazimu katika Grand Palais mwezi wa Oktoba mwaka 1955. Hiyo ilikuwa Citroën DS, yenye umbo kama la samaki, na badala ya springi za chuma ilikuwa na gesi na mafuta yaliyoweza kuinua na kushusha mwili wake wote. Siku ya kwanza peke yake watu wapatao 12,000 waliiagiza. Kumbe mikono ile ile iliyotengeneza kitu cha kuchekwa ndiyo iliyotengeneza kitu cha kuabudiwa, na akili iliyotumika haikuwa ndogo katika kile cha kwanza.

Watu wa Afrika Mashariki wanaijua maana ya maneno hayo bila kufika Paris. Katika mashindano ya Safari ya mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, na zilizofika mwisho zilikuwa saba tu. Iliyoshinda ilikuwa Peugeot 404, motokaa ya Kifaransa ya watu wa kawaida, nayo ilishinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Vumbi na matope havikuuliza ni ipi yenye sura nzuri. Kwa miaka mingi baadaye Peugeot za abiria zilionekana katika barabara za Kenya zikiwapeleka watu makwao pamoja na mizigo yao.

Mwaka 1962 maonyesho yalihamia Porte de Versailles, kwa kuwa jumba la kioo lilikuwa halitoshi tena. Huko nako ndoto hazikukoma. Mwaka 1980 Citroën ilionyesha motokaa ya mfano iitwayo Karin, yenye umbo la piramidi, ambayo dereva wake aliketi katikati na abiria wawili pembeni, haikuuzwa kamwe. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 watu walijaa tena kutazama motokaa za umeme. Renault ilionyesha Renault 4 mpya iendeshwayo kwa betri, ikilirudisha jina la motokaa iliyotokea mwaka 1961 ili kushindana na 2CV. Karibu yake zilikuwako motokaa za Kichina kama zile za BYD, na wakuu wa viwanda vya Ulaya walizitazama kwa wasiwasi kwa ajili ya bei zake nafuu. Siku chache baada ya maonyesho kufungwa, nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kutoza ushuru wa ziada juu ya motokaa za umeme zitokazo China.

Mashaka ya leo si mageni. Waliosimama mwaka 2024 mbele ya vioo na taa nyingi walikuwa na swali lile lile la mwaka 1948: je, motokaa hizi ni za nani? Zikiwa ni za wachache wenye fedha nyingi, zitapigwa picha na kusahauliwa. Lakini kiwanda kitakachomkumbuka mkunga wa kijijini na mkulima mwenye viazi vyake, kikampa motokaa ya umeme ambayo anaweza kuinunua, kuitengeneza na kuitegemea, hicho hakitakuwa na haja ya kuogopa wanaocheka.

Wenye maonyesho ya mwaka 1898 walikuwa na haki walipoitaka kila motokaa iende kwanza Versailles na kurudi. Kitu hupimwa njiani, wala si jukwaani. Na mwenye kikapu cha mayai ndiye ajuaye gari jema.