Saadani: Walipokaa Ng'ombe, Sasa Wanakaa Twiga

Sisi walimu wa kujitolea tulipata kibali cha kwenda semina Bagamoyo, na siku ya mapumziko tukapelekwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Wengi mmetuuliza tuliona nini, basi tuwasimulie.

Saadani ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara inayofika Bahari ya Hindi. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 1,100. Unatembea kwa miguu pamoja na askari mwenye bunduki, au unapanda boti mto Wami kuona viboko na mamba. Ufukweni Madete kasa wanakuja kutaga mayai.

Kilichotugusa zaidi ni habari za upande wa kaskazini, Mkwaja. Kule kulikuwa ranchi, iliyoanzishwa miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge ya Amboni ili wafanyakazi wapate nyama. Ng'ombe walipita 10,000! Lakini mbung'o walikuwa wengi mno. Ng'ombe walichomwa sindano mara kwa mara, bado wanaugua. Migunga nayo ikaota, ikameza malisho. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa, na mwaka 2005 eneo likaingia katika hifadhi.

Jamani, sikieni hili: pale yalipokuwa mazizi, samadi ya miaka mingi ilibaki ardhini. Nyasi za pale ni fupi na nzuri, na wanyama wa porini wanazifuata. Ila migunga haijaisha. Ardhi inapona polepole, siyo kwa siku moja.

Tusifiche na hili: watu wa kitongoji cha Uvinje wamebishana na hifadhi miaka mingi juu ya mpaka, wakisema ni ardhi ya wazee wao. Sisi tulioacha mashamba yetu tunaujua uchungu huo. Pori lipone, na watu pia wapate haki.

Huku kwetu vilima vimebaki vitupu kwa sababu ya kuni. Kwa hiyo tumeanza kitalu cha miti nyuma ya madarasa. Wazazi, mkiona mtoto anaokota mavi ya mbuzi kupeleka shuleni, msimgombeze. Ni kazi tuliyompa sisi.


Walimu wenu wa kujitolea