Ufa wa Bafuni Husomwa Kabla ya Kuzibwa

Waswahili tumezoea kuambiana kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sina nia ya kushindana na wahenga, lakini nadhani hawakuwa na bafu la vigae juu ya dari ya boriti. Katika bafu la namna hiyo mwenye kukimbilia kuziba ufa huenda akaufunika ugonjwa, nao ukaendelea kula ndani kwa ndani.

Sisi tunaoishi ghorofani katika Mji Mkongwe wa Unguja tunatembea juu ya miti. Boriti za mikoko zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake yakapangwa mawe ya matumbawe na kushindiliwa chokaa. Upana wa vyumba vyetu, ambao aghalabu ni baina ya mita 2.5 na 3, mjenzi hakuuchagua kwa mapenzi yake; uliamuliwa na urefu wa boriti. Sakafu hiyo hupinda kidogo sana kila mtu apitapo, na chokaa, kwa kuwa ni laini, huvumilia. Vigae vilikuja baadaye vikalazwa juu ya saruji, na vitu hivyo viwili havijui kupinda. Panapovumilia kidogo kuliko pote ni ile mistari ya saruji nyeupe baina ya kigae na kigae, na hapo ndipo ufa huonekana kwanza.

Bafu letu lilianza kupasuka miezi michache kabla ya arusi ya binti yetu, iliyopangwa Mfunguo Mosi. Fedha kidogo zilikuwapo, na mama watoto alizitaka kwa vigae vipya, kwani wageni kutoka Pemba wangefikia kwetu. Fundi kijana aliyeitwa alitazama akiwa amesimama mlangoni, akasema: "Mzee, hii tunaikwangua, tunajaza saruji nyeupe mpya, kesho mnaoga." Bei yake ilikuwa nafuu na jibu lake lilimpendeza kila mtu. Mimi sikupendezwa, kwa sababu chini ya bafu hilo ndipo wanapolala watoto watatu wa jirani yetu.

Nikamwendea mzee mmoja wa mtaani, mwashi wa chokaa tangu ujana wake. Hakuja na nyundo wala mwiko. Alikuja na sarafu, uzi na msumari mrefu.

Akatueleza kwamba nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kote, aghalabu hutokana na mchanganyiko uliotiwa maji mengi; hizo si za kumkosesha mtu usingizi. Ufa wa pembeni, sakafu inapokutana na ukuta, waonyesha kwamba viwili hivyo haviendi pamoja, na hapo hapatakiwi saruji ngumu bali kitu chenye kunyumbuka, kama silikoni. Lakini ufa ulionyooka kutoka upande hadi upande yamkini unafuata mti ulio chini. Wetu ulikuwa wa aina hiyo, na waliotutangulia katika nyumba walikwisha kuujaza, ukapasuka palepale.

Kisha akagonga kigae kimoja kimoja kwa sarafu. Vingi vilitoa sauti kavu. Vinne karibu na bomba la maji machafu vililia kama chungu kitupu, yaani vimekwisha kuachana na saruji. Akaweka bilauri ya maji sakafuni, akamwambia mwanangu apite. Maji yakatikisika.

Tukateremka kwa jirani. "Bi Mkubwa, tunaomba kuitazama dari yako," nikasema. Akatukaribisha, akatuonyesha doa la rangi ya chai.

"Nilikuwa naona haya kukwambieni," alisema. "Mna arusi."

Wajenzi wa Marekani, ambao huweka vigae juu ya mbao kwa wingi, hutaka sakafu isipinde chini ya mzigo zaidi ya sehemu 1 ya 360 ya urefu wa mti. Kwa mti wa mita 2.7 ni milimita 7.5 tu. Uzi wa mzee ulionyesha kwamba boriti yetu, bila mtu yeyote juu yake, ilikuwa imekwisha kulegea kwa upana wa vidole viwili. Msumari ulikataa kuingia katikati ya mti. Lakini kwenye ncha, pale mti unapozama ukutani chini ya bomba, uliingia kama katika muhogo wa kuchemsha. Boriti mbili zilikuwa hivyo. Bomba lilivuja, mti ukalainika na kulegea, saruji nyeupe ikapasuka, na kupitia mpasuko huo maji ya kuoga yakazidi kuteremka. Vigae na saruji iliyo juu havikuruhusu unyevu kukauka.

Tangu tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka, hapa mjini hakuna anayesikia neno "dari" bila kuinua macho.

Mama watoto aliuliza swali moja: "Na hao watoto walale wapi?" Suala la vigae likaishia hapo. Walilala ukumbini kwetu, pamoja na wageni wa Pemba, na wageni wakaoga kwa Bi Mkubwa, ambaye bafu lake liko upande mwingine wa nyumba. Fedha zilikwenda kwenye bomba, magogo ya kutegemeza dari, boriti mbili, na vibarua wa kuondoa saruji. Saruji na mchanga wa unene wa sentimita 5 huwa na uzito wa takribani kilo 100 kwa kila mita moja ya mraba, na miti ile haikupangwa kubeba nyongeza hiyo.

Binti ameolewa. Sakafu ya bafu ni chokaa tupu iliyoshindiliwa, doa la kwa jirani limekauka, na mama watoto ameanza tena kuulizia bei ya vigae.