Malipizi ya Siku Tatu

Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo wasemavyo wazee. Mimi mwalimu nimewafundisha watoto mithali hiyo miaka mingi, kumbe maana yake nilikuja kuifahamu katika siku tatu tu, nilipolala hotelini Lubumbashi kwa ajili ya mkutano wa walimu.

Wasomaji wapenzi, mimi sikuzoea hoteli. Nyumbani twaoga maji ya ndoo, na mama wa watoto hupika juu ya mbabula. Kule nilipewa chumba chenye mashine ya kupoza hewa, maji ya moto usiku na mchana, na taulo jipya kila asubuhi, ijapokuwa lile la jana lilikuwa safi. Umeme wa mji ulipokatika, mashine kubwa ya mazutu ilianza kunguruma nyuma ya nyumba, nasi hatukukaa gizani hata dakika 5.

Juu ya meza nilikuta karatasi ndogo. Iliandikwa kwamba kila mgeni, kwa kulala kwake, huongeza hewa ya kaboni angani. Na kwamba akilipa dola 5, mti utapandwa kwa ajili yake, na deni lake litafutika. Nililipa kwa furaha. Tena niwaungamie neno moja: usiku ule niliacha mashine ya baridi ikivuma mpaka asubuhi, na taa ya bafu ikiwaka bure, nikasema moyoni: «Si nimekwisha kulipa?»

Kulipopambazuka nilitoka uani kusali rozari yangu. Nikamkuta fundi akimimina mazutu katika ile mashine. Nilimwuliza imekunywa kiasi gani. Akajibu: «Lita 60 kwa usiku mmoja.» Lita moja ya mazutu ikiungua hutoa zaidi ya kilo 2 na nusu za hewa ya kaboni. Basi usiku ule mmoja tulitoa zaidi ya kilo 150, na wageni tulikuwa 30. Hewa hiyo huizunguka dunia mfano wa blanketi, ikizuia joto lisitoke, na sehemu yake hudumu angani muda wa karne nyingi.

Nilikuwa bado nikihesabu, mara kijana akaingia kwa mlango wa nyuma, akisukuma baisikeli yenye magunia ya makala kwa jiko la hoteli. «Jambo yenu, Mwalimu!» Nikashtuka. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, wa kwanza wa darasa katika hesabu.

«Jambo, mwanangu. Mbona hauko shuleni?»

Akainamisha kichwa. «Baba alikufa, Mwalimu. Makala ndiyo chakula cha wadogo zangu. Sasa ninakwenda mbali sana, maana miti ya karibu na njia imekwisha.»

Nilinyamaza. Katika tanuru za udongo za kwetu, kilo moja ya makala hula kilo 5 za kuni, mara nyingine hata 10. Nyama niliyokula kwa shangwe jana yake iliokwa juu ya msitu wetu na juu ya mgongo wa mtoto huyu. Nikaenda kwa karani kuuliza mti wangu umepandwa wapi. Akacheka kwa upole: yeye hupokea fedha tu, habari za mti hazijui.

Ndugu zangu, katekisimu yatufundisha kwamba anayekaribia Sakramenti ya Kitubio hana budi kujuta, kuungama, kukusudia kutorudia kosa, na kutimiza malipizi. Mimi nilitaka malipizi peke yake, bila majuto na bila kusudi. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alionya kwamba biashara ya haki za kutoa kaboni yaweza kuwa ujanja wa kuwaacha walafi waendelee na ulafi wao. Hata Vatikani ilipatwa na jambo kama hilo. Mwaka 2007 kampuni moja iliiahidi msitu nchini Hungaria ili kufidia kaboni yake. Miaka 3 baadaye miti ilikuwa haijapandwa. Lakini mwaka 2008 paa la ukumbi wa Paulo VI lilifunikwa kwa vibao zaidi ya 2,000 vya kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Ahadi haikuota, vibao vilitoa umeme.

Basi, yule atakayelala hotelini ashike mambo matatu. Kwanza apunguze: azime mashine na taa, atumie taulo lake siku zote, asijaze sahani asiyoweza kumaliza. Pili aulize mazutu na makala ya nyumba ile, apate kujua deni lake. Tatu alipe lile linalobaki, walakini alipe mahali ambapo jicho lake laweza kufika.

Mimi nilirudi nyumbani bila viatu vipya nilivyokuwa nimevikusudia, kwa kuwa fedha yake nilimpa yule kijana. Jioni huja kwangu kusoma hesabu. Amekuja mara nne, na mara mbili hakuja. Siku ya Alhamisi aliwaongoza wanafunzi wangu porini, akawaonyesha visiki vya miti aliyoikata yeye mwenyewe. Miti mingi ya misitu yetu huchipuka tena kisikini, ikiwa moto na shoka haviifikii. Tulisafisha majani makavu kuzunguka visiki 40, ili moto wa kiangazi usivishike.

Ni kidogo, nakiri. Lakini visiki hivyo navijua vilipo, nami nitakwenda kuvihesabu kila mwaka, Mungu Muumba akinijalia uzima.