Kifaranga Aliyefungwa Miguu

Kuku anapoatamia hukaa juu ya mayai yake siku 21, na vifaranga wa kwanza wakishatoka, bado huwangojea waliochelewa. Subira hiyo Mwenyezi Mungu ameiwekea njia: kabla ya kuvunja ganda, kifaranga hukivuta kiini cha yai ndani ya tumbo lake, na kiini hicho humtosha kwa chakula siku mbili hivi. Zikipita siku hizo, kuku huinuka akatoka na wanaoweza kumfuata. Asiyeweza hubaki.

Aliyebaki katika banda letu, huku Kisauni, alikuwa mmoja kati ya tisa. Miguu yake ilikuwa imetanuka, mmoja kulia na mmoja kushoto, na kifua kimelala chini kama mashua iliyopwelewa. Alipiga mbawa na kulia, asiweze kusimama. Mama, ambaye amefuga kuku tangu sisi hatujazaliwa, alimtazama akasema, "Mwacheni, wanangu. Mamake keshamwacha, na yeye ndiye amjuaye." Hatukuyahesabu maneno hayo kuwa ni ukatili. Mwenye kulisha nyumba kwa kuku wake hana nafasi ya kulea kila dhaifu.

Lakini katika nyumba hii yumo mwana wa miaka mitatu aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Alianza kufungwa plasta ngumu angali wa wiki mbili, ikibadilishwa kila wiki, kisha akavikwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito wa chuma, ambavyo mpaka leo hulala navyo. Njia hiyo aliianzisha Daktari Ignacio Ponseti katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na msingi wake ni kwamba viungo vya mtoto mchanga vingali laini, hukubali kuelekezwa polepole pasi na upasuaji mkubwa. Mwana huyo alikuwa amechutama kando ya banda, akimsikiliza bibi yake. Hatukuweza kumtupa kifaranga yule mbele ya macho yale.

Ugonjwa wenyewe si wa ajabu. Miguu hutanuka kifaranga anapoangukia mahali penye utelezi, kama juu ya gazeti au sakafu laini, au joto la mashine ya kuangulia likipanda na kushuka. Wakati mwingine asili yake ni upungufu wa lishe katika kuku aliyetaga. Siku za mwanzo mifupa na kano ni teketeke, ndiyo maana haifai kungoja. Tulitwaa plasta ya kitambaa, ile ya kufungia kidonda, tukakata ukanda mwembamba. Tukauzungusha kwenye mguu mmoja chini ya kifundo, tukauvusha hadi mguu wa pili, tukiacha kati yake nafasi ya upana wa nyonga zake, kiasi cha sentimita mbili na nusu. Nafasi hiyo ndiyo dawa. Ikizidi, miguu hurudi kutanuka. Ikipungua, hawezi kujizuia asianguke. Kisha tukamweka ndani ya sanduku lililotandikwa taulo kuukuu, kucha zipate pa kushika, na juu yake taa, kwani kifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 35 hivi.

Kufunga kulichukua dakika tano. Kazi ilikuwa baada yake. Aliyefungwa haendi penye maji, na akianguka chali huenda asiweze kujigeuza, akafa hapo hapo. Katika hadithi za Mtume (s.a.w.) zilizopokewa na Bukhari na Muslim yumo yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, na mara nyingi tumeisikia ikitajwa kama habari ya ukatili tu. Tukiwa tumeinama juu ya sanduku lile, tuliisikia kwa upande mwingine: alimfunga, kisha hakumlisha, wala hakumwachilia akajitafutie. Mwenye kufunga amejitwika riziki ya aliyemfunga.

Basi tukapeana zamu. Mmoja baada ya Alfajiri, mwingine Adhuhuri, na aliyeamka kwa tahajudi alipitia sandukuni kwanza. Tulimpondea kiini cha yai lililochemshwa. Tulimchovya ncha ya mdomo katika maji, pua zisizame. Tulimfuta kwa maji ya uvuguvugu kinyesi kilichomgandia. Tulitazama vidole visije vikavimba kwa plasta iliyokaza. Daktari wa mwana wetu alikwisha kutuonya kuhusu viatu vyake: nyayo nyingi zinazorudi kupinda hurudi kwa sababu viatu viliachwa kuvaliwa nyumbani, si kwa sababu plasta ilifungwa vibaya hospitalini.

Siku ya pili tulibadilisha plasta. Siku ya nne tuliiondoa, naye akasimama, akayumba, akakaa, akasimama tena. Mama ndiye aliyetuambia tumrudishe usiku, tumsukumie chini ya bawa baada ya Isha, kwa sababu gizani kuku hachagui. Ilipopambazuka walikuwa tisa.

Si kila mguu hufungwa. Vidole vikijikunja kama ngumi, huenda kifaranga amepungukiwa vitamini B2, na hiyo hutiwa katika chakula au maji. Kifundo kikivimba na ukano wa nyuma ukateleza kando, plasta kama yetu haitasaidia. Aulizwe daktari wa mifugo mapema.

Usiku ule mwana wetu aliuliza kwa nini kifaranga amefunguliwa siku ya nne, ilhali yeye ameambiwa mpaka atimize miaka minne au mitano. Tulimwambia kuku hukua upesi. Akafikiri kidogo, akauliza kama sasa analala na mamake. Tukasema ndiyo. Akanyoosha miguu, tukamfunga viatu.