Tulipouza nyumba ya baba: komisioneri na asilimia zake



Ndugu zangu, baba yetu alipofariki (Allah amrehemu) aliacha nyumba moja Buyenzi, hapa Bujumbura, na warithi sita: mama, wavulana wawili na mabinti watatu. Nyumba haikatwi kwa panga, ikabidi iuzwe. Mama apate thumni yake, kinachobaki mwanamume achukue mafungu mawili na mwanamke moja.

Kaka hakutaka kusikia habari ya komisioneri. "Asilimia tano ya nini? Ya kutembea?" Tukaandika ukutani kwa rangi kuwa nyumba inauzwa. Miezi minne ikapita. Walikuja watazamaji, walikuja waliotaka kulipa nusu, na mmoja akanywa chai, akahesabu vyumba vyote, kisha akauliza kama tuna chumba cha kupangisha.

Mwisho tukamwita kijana mmoja wa mtaani. Tulipatana kwa mdomo: 5 kwa mia, nyumba ikiuzwa. Wiki mbili tu akaleta mnunuzi wa faranga milioni 48. Usiku ule mnunuzi akapiga simu: "Tumalizane wenyewe. Kijana mwambieni nimeghairi, ile milioni 2 na laki 4 tugawane."

Sitawaficha, nilikubali. Nilijiambia fedha ile ni haki ya mama na dada zangu. (Fungu langu lilikuwa mara mbili ya la dada yeyote, lakini hilo sikujiambia.)

Mama ndiye aliyeuliza: "Na yule kijana aliyemleta mgeni, mmempa nini?" Kaka akatazama chini. Nikaenda kwa sheikh wetu, nikitumaini atanitafutia mlango wa kutokea. Akanieleza kuwa udalali ni kazi ya tangu zamani, na Imam Bukhari ameweka mlango mzima juu ya ujira wa madalali. Sharti ujira ujulikane. Dalali akimwambia muuzaji 48 na mnunuzi 52, akala cha katikati kwa siri, huo ni udanganyifu. "Kijana wenu amewaficha kitu?" Nikasema hapana. Hakuniuliza zaidi.

Tulimlipa kabla ya kugawa. Zikabaki milioni 45 na laki 6: mama na kila dada milioni 5 na laki 7, mimi na kaka milioni 11 na laki 4 kila mmoja. Mnunuzi alinuna, lakini alinunua.

Nilidhani yamekwisha. Kisha sheikh akanisimulia habari ya Abu Rafi', iliyomo humo humo katika Bukhari. Alikuwa na nyumba mbili ndani ya uwanja wa Sa'd bin Abi Waqqas. Wengine walikuwa wamempa dinari 500, Sa'd akasema hatazidisha dirham 4,000, tena kwa mafungu. Abu Rafi' akamwuzia Sa'd, kwa sababu alimsikia Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akisema kuwa jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake. Hakuhitaji dalali hata mmoja.

Nikamkumbuka jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyemwosha baba alipofariki. Nikamwendea.

"Maandishi niliyaona," akasema. "Nilikuwa nangoja mje kuniambia."

Wassalaam.